Pazia la Makoko: Historia ya Nguo Izuiayo na Ipitishayo Upepo

Wapenzi wa lugha, jina la Makoko si geni masikioni mwa wengi wenu. Ndiko iliko shule ya lugha iliyoanzishwa na wamisionari wa Maryknoll, ambamo wageni kutoka nchi za baridi walikaa kitako kujifunza ngeli, nyakati na methali za Kiswahili huku mawimbi ya ziwa yakisikika madirishani. Makoko ni kata ya Manispaa ya Musoma, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na mimi huko nina mama mdogo. Makala haya yameanzia sebuleni kwake.

Mama mdogo alinunua mapazia ya mtumba. Yalikuwa mazito, yenye rangi ya zambarau iliyokolea, na upande wa nyuma yamepakwa kitu cheupe laini mfano wa mpira. Muuzaji alimhakikishia kwamba hayo ni mapazia ya Ulaya, hayapitishi kitu. Alisema kweli. Yalipotundikwa hayakupitisha mwanga, hayakupitisha vumbi, wala hayakupitisha upepo wa ziwa. Ikifika saa nane mchana sebule ilikuwa tanuri. Feni ikazunguka tangu asubuhi hadi wajukuu walipolala, na uniti za umeme zilizozoea kumtosha mwezi mzima zikaisha kabla ya wiki ya tatu. Aliponipigia simu hakulalamikia joto wala gharama. Aliuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kujiuliza, mimi nijidaiye kuwa mtu wa maneno: "Mwanangu, hivi pazia kazi yake ni nini hasa?"

Nilimjibu harakaharaka kwamba pazia ni la kuzuia. Kisha nikaanza kuichunguza historia ya neno na ya kitu chenyewe, nikagundua kuwa nilimjibu kwa mawazo ya nchi nyingine. Haya ndiyo niliyoyaokota njiani.

Nguo iliyozaliwa na baridi

Tuanze huko mapazia yale yalikotoka. Katika nchi za kaskazini nguo ya kutundikwa ilikuwa silaha ya kupigania uhai. Ngome na majumba ya mawe ya Ulaya ya kale yalikuwa na kuta zenye unyevu na milango isiyofunga sawasawa, na moto wa jikoni au wa sebuleni uliweza kumchoma mtu usoni huku mgongo wake ukiganda. Wenye uwezo walitundika mazulia mazito ya ukutani, yaliyofumwa kwa sufu, ili kuukata ubaridi wa jiwe. Kitanda nacho kilisimamishiwa nguzo nne na kuzungushiwa mapazia pande zote, kikawa chumba ndani ya chumba, ambamo joto la miili ya waliolala halikutoroka. Urembo wa michoro ya wawindaji na farasi ulikuja juu ya hitaji hilo.

Msomaji wa tamthilia atakumbuka jinsi Polonius, mshauri wa mfalme katika Hamlet ya Shakespeare, anavyojificha nyuma ya zulia la ukutani ili adukue mazungumzo, na jinsi anavyochomwa upanga humo humo. Mara nyingi wengi wetu tumesoma tukio hilo tukijiuliza mtu mzima aliwezaje kujibanza kati ya ukuta na nguo. Jibu limo katika baridi. Nguo zile hazikugandishwa ukutani. Ziliachiwa nafasi ili zisilowe kwa unyevu wa jiwe, na nafasi hiyo ya hewa tulivu ndiyo iliyosaidia kuhifadhi joto. Kifo cha Polonius kimetokea ndani ya mwanya uliowekwa kwa ajili ya kuzuia baridi.

Kanuni yenyewe haijabadilika. Usiku wa majira ya baridi, kioo cha dirisha hupoa kuliko ukuta. Hewa ya chumbani inayogusa kioo hupoa pia, ikawa nzito, ikateremka na kutambaa sakafuni hadi miguuni mwa watu. Aliyeketi humo hudhani kuna tundu linalopitisha upepo, kumbe dirisha limefungwa kikiki na upepo umezaliwa ndani kwa ndani. Pazia zito lililofika chini, lililokaribia ukuta pande zote mbili, na lililozibwa juu kwa ubao, huifungia hewa ile baina yake na kioo. Hewa isiyotembea ni mpitishaji hafifu wa joto, na hivyo chumba hubaki na uvuguvugu wake na kuni, makaa, gesi au umeme wa kupashia nyumba hupungua. Pazia likiachwa wazi juu na chini hewa hupenya, huzunguka nyuma yake kama maji ya kisima kinachotekwa, na faida yake hupungua sana. Likianguka mbele ya chombo cha kupashia joto, basi mwenye nyumba analipa ili akipashe moto kioo na barabara.

Waswahili waliohamia huko walilazimika kujifunza somo hili upya. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja na kuondoka mwaka 1866, akaolewa na Rudolph Heinrich Ruete na kuishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete, ndiye wa kwanza katika watu wa visiwani kutuachia maandishi marefu kuhusu maisha ya Ulaya. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1886. Ndani ya maandishi yake, majira ya baridi si habari ya hali ya hewa tu, bali ni sehemu ya upweke wa mjane ugenini. Mtu aliyelelewa katika nyumba zilizojengwa ili ziukaribishe upepo alijikuta katika nyumba zilizojengwa ili ziukimbie.

Upepo, pepo na Peponi

Hapa lugha inatupa ushahidi wake. Kiswahili kimeuweka upepo upande wa baraka. Mtu aliyechoka na kazi huenda "kupunga upepo". Mgeni wa heshima hupepewa. Na mzizi ule ule wa "-pepo" ndio uliozaa upepo uvumao, pepo wapandao kichwani, na Peponi waendako wema. Pepo ya Mswahili ni mahali pa pumzi na ubaridi mwanana. Jamii iliyoganda kwa baridi ingekiita makao ya heri kwa jina la moto wa mekoni, lakini jamii ya mwambao ilikiita kwa jina la kile kinachoingia dirishani jioni.

Hata majina ya pepo zetu ni mengi, tena yana adabu zake. Kuna kaskazi na kusi, zilizoendesha majahazi baina ya Uarabuni, Bara Hindi na Afrika ya Mashariki kwa karne nyingi. Kuna matlai, upepo wa mashariki, ambao jina lake limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mahali pa kuchomoza jua. Kuna kipupwe, majira ya ubaridi wa kati ya mwaka. Lakini ukitafuta neno moja la kuutaja ule upepo mwembamba upenyao chini ya mlango na kumganda mtu kisigino, utazunguka. Tutasema upepo wa kupenya, au baridi ya mwanya. Lugha haikuuundia jina kwa sababu haikuuona kuwa adui wa kila siku.

Hata hivyo lugha haikusahau matundu. Ilitupa methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Twaitumia katika mambo ya tabia na siasa hadi tunasahau kuwa kwanza ilikuwa habari ya nyumba. Mwenye nyumba anaziba ufa kwa sababu ya mvua, nyoka na kubomoka kwa udongo. Kwa hiyo Mswahili amejua tangu zamani tofauti kati ya uwazi alioutaka mwenyewe na ufa uliojifungua. Dirisha hufunguliwa kwa hiari, na ndiyo maana neno lenyewe, lililokuja kutoka Kiajemi, lilipokewa kama mgeni mwema.

Pazia la pwani: sitara

Katika nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa karne ya kumi na nane, vyumba vilipangwa kwa safu kuelekea uani. Msana wa mbele ulifuatwa na msana wa pili, kisha ndani. Misana hiyo ilikuwa mirefu na membamba, kwa kuwa upana wake ulipimwa na urefu wa boriti za mikoko. Haikutengwa kwa mbao na makufuli. Kulikuwa na vigingi na fimbo za kutundikia nguo, na nguo hizo ndizo zilizogawa nyumba. Zilipoteremshwa, aliye ndani alisitirika. Upepo wa uani uliendelea kupita, ukiitikisa nguo taratibu, na kutikisika huko kulitosha kumwambia mgeni kwamba nyuma yake kuna watu.

Angalieni neno "sitara". Katika Kiarabu ni pazia, kitu cha kushikika. Lilipofika kwetu likaacha kitambaa na kubaki na wema wake: sitara ikawa hifadhi ya heshima, kufunikwa aibu, kuhifadhiwa na Mola. Tunapoomba kusitiriwa tunaomba, kwa asili ya neno, tuteremshiwe pazia. Neno "hijabu" nalo limepita njia inayofanana, likianzia kwenye kizuizi kinachotenga pande mbili na kuishia kwenye vazi. Huko Lamu kulikuwa pia na shiraa, nguo pana mithili ya hema ambayo wanawake wa tabaka la juu walitembea ndani yake barabarani, ikishikiliwa na watumwa wao. Hapo sitara ya mmoja ilibebwa na mikono ya mwingine asiyesitiriwa. Historia ya pazia haina budi kulitaja hilo, maana nguo ile ile inayolinda heshima imewahi kuonyesha nani anahesabiwa kuwa nayo na nani hana.

Jambo la kushika hapa ni moja. Pazia la pwani lilizuia macho na kupitisha hewa. Pazia la kaskazini lilizuia hewa kwanza, na macho baadaye. Kitu kimoja, kazi mbili zinazokaribia kupingana.

Njia ya kitambaa hadi ziwani

Nyumba za kale za bara la Mara, za Wakwaya na Wajita walioko kando ya ziwa na za Wazanaki na Wakuria walioko juu zaidi, hazikuhitaji pazia. Nyumba ya msonge yenye ukuta wa udongo na paa nene la nyasi haina dirisha la kufunika. Udongo hulinyonya joto la mchana polepole na kulirudisha polepole usiku. Moto wa kati hukausha nyasi na kufukuza wadudu, na moshi hujitafutia njia darini. Mlango ni mmoja, mfupi, na hufungwa usiku. Ilikuwa akiba ya nishati isiyo na jina, ingawa mapafu ya akina mama yalilipia sehemu ya gharama yake.

Pazia lilihitaji vitu viwili vije: dirisha na kitambaa. Kitambaa kilitangulia. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, pamba iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts ilimiminika Unguja, na kutoka hapo ikaingia bara vichwani mwa wapagazi. Ndiyo sababu kitambaa cheupe kigumu kiliitwa merikani, jina linalobeba nchi nzima mgongoni. Kaniki ya rangi ya nili ilitoka Bara Hindi. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani zilizipatia bandari ndogo kama Musoma bidhaa kwa wepesi zaidi, na mikunjo ya vitambaa ikajaa kwenye maduka ya Wahindi.

Dirisha lilikuja na nyumba ya pembe nne, misheni, shule na ofisi. Mapadre wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946. Nyumba za mabati na tofali zilizidi kuenea mjini, na kila dirisha jipya likadai nguo yake. Hapo watu wa ziwani walifanya jambo ambalo sijaona likisifiwa vya kutosha: walichukua dirisha na mlango wa kigeni, wakauwekea pazia la tabia ya pwani. Pazia la mlangoni, la kanga kuukuu, la kitenge au la kitambaa chepesi kilichofumwa kwa mkono, lilitundikwa kwa kamba ili mlango ubaki wazi mchana kutwa. Aliye ndani humwona apitaye, apitaye hamwoni aliye ndani, na hewa huingia bila kubisha hodi. Mwenye adabu husimama nje ya kitambaa hicho kama vile amesimama mbele ya mlango wa mvule.

Hapa pana uchungu wa kihistoria usiokwepeka. Mkoa wa Mara ni nchi ya pamba. Bunda na vijiji vyake viliilima, na wakulima wa kanda nzima ya ziwa walijenga ushirika uliounganishwa mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria. Musoma yenyewe ilipata kiwanda cha nguo, Mutex, kikiwa miongoni mwa viwanda vya umma vya enzi za Ujamaa, ndugu wa Mwatex ya Mwanza na Urafiki ya Dar es Salaam. Kwa muda pamba ya nyumbani iliweza kufumwa nyumbani na kutundikwa nyumbani. Kisha viwanda hivyo vikadorora, na milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 marobota ya mitumba yakaingia. Pazia la mama mdogo lilisafiri maelfu ya kilomita kutoka nchi ya theluji hadi mji unaozalisha pamba. Ndani ya nyuzi zake kuna hadithi yetu yote.

Pazia la Mwalimu

Siwezi kuandika habari za Musoma na lugha nisimtaje mwana wa Butiama. Julius Nyerere alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na akiwa Rais alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya pili, Mabepari wa Venisi, ilitoka mwaka 1969. Katika tamthilia hiyo wachumba wa Portia hupelekwa mbele ya pazia. Linapofunuliwa huonekana visanduku vitatu, kimoja cha dhahabu, kimoja cha fedha na kimoja cha risasi, na mchumba lazima achague kimoja. Pazia hapo ni kizingiti cha hukumu. Anayedanganywa na mng'aro hupotea, na anayechagua madini mazito yasiyo na sura hushinda.

Nilipokumbuka tukio hilo nilicheka peke yangu. Mama mdogo naye alisimama mbele ya mapazia akachagua, na aliongozwa na uzito. Huko Belmont kizito kilikuwa jibu sahihi. Huko Makoko jibu lilikuwa jepesi.

Saa za upepo

Au tuseme, lilikuwa jepesi mchana. Maana swali la mama mdogo halikuishia hapo, na hili ndilo lililonifanya nisafiri kwenda kumwona.

Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Musoma hufika nyuzi 28 hivi, na usiku huteremka hadi 17 au 18. Si baridi ya kuua, lakini kwa kitoto kichanga na bibi mwenye maumivu ya viungo, katika nyumba ya bati usiku wa mvua za masika, ni baridi ya kutosha. Na upepo hubadili mwelekeo wake kwa saa. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi. Kwa kuwa Musoma iko pwani ya mashariki, upepo huo hutoka magharibi. Usiku nchi hupoa upesi kuliko maji, na upepo hugeuka, ukitoka bara kuelekea ziwani. Wavuvi wa matanga waliijua zamu hiyo kabla ya kitabu chochote: upepo wa usiku kuwasukuma nje, upepo wa mchana kuwarudisha.

Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi hapo hapo, alikuwa na desturi ambayo utotoni niliiona kuwa ushirikina tu. Asubuhi alifunga mapazia ya upande wa mashariki na kuyafungua ya ziwani. Jioni alibadilisha: ya ziwani aliyaacha, ya upande wa bara aliyateremsha na kuyabana chini kwa gogo au kwa guni lililokunjwa. Nje ya dirisha la magharibi, palipopigwa na jua la alasiri, alining'iniza mkeka. Hakuwahi kutumia neno nishati. Alisema tu kwamba nyumba ina mdomo na pua, na si vyema kuziba vyote viwili.

Elimu ya majengo inamuunga mkono kwa kila hatua. Jua likishapita kioo na kuingia ndani, pazia la ndani hulizuia kidogo tu, kwa sababu joto limekwisha kuvuka kizingiti. Mkeka wa nje hulikamata kabla halijaingia. Upepo nao hauingii chumba kisicho na njia ya kutokea, hivyo pazia la mlango wa pili likiwa jepesi linafanya kazi sawa na dirisha la kwanza.

Tulifanya hivi. Yale mapazia mazito hatukuyatupa. Mawili tuliyahamishia chumba cha watoto, upande wa bara, yakafika sakafuni na kubanwa pembeni, nayo hushushwa usiku tu. Moja lilibaki dirisha la magharibi, upande mweupe ukielekea nje ili urudishe mwanga, na nje yake tukaweka mkeka wa ukindu. Sebuleni na mlangoni pakarudi vitenge. Madirisha tuliyawekea wavu wa mbu, maana kanda ya ziwa haisamehe malaria, na chandarua kilibaki juu ya kila kitanda.

Hesabu ni nyepesi. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 14 kwa siku hula uniti 25 hivi kwa mwezi. Ikizunguka saa 4 hula uniti 7. Kwa nyumba iliyo katika kundi la wateja wadogo, ambao bei yao nafuu ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo ya uniti 18 inaweza kuwa mpaka kati ya kubaki chini ya kikomo na kukivuka. Na kuna jambo zito zaidi. Usiku wa mvua familia nyingi huingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto, kisha hufunga kila tundu. Mkaa huo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na wapo waliolala wasiamke. Pazia lililobanwa vizuri dhidi ya upepo wa bara, blanketi, na mlango usio na jiko nyuma yake, ni akiba ya mkaa na ni akiba ya roho. Lakini yeyote anayewasha moto ndani asizibe hewa, hata kwa pazia la hariri.

Neno kwa malenga

Katika mashairi yetu ya siku hizi pazia limebakiwa na kazi moja. Linafungwa: maisha yamekwisha, tamthilia imekwisha, siri imefichwa. Wasomaji wa Biblia watalikumbuka pazia la hekalu lililopasuka, na wapenzi wa jukwaa watalikumbuka lile linaloshuka mwisho wa onyesho. Yote ni halali. Ila tukiishia hapo tunafanya kosa alilolifanya muuzaji wa mtumba, tukidhani sifa ya pazia ni kutopitisha kitu.

Kazi nyingine ya pazia, ile ya kutenga bila kufungia na kusitiri huku likipumua, imo katika maisha yetu zaidi kuliko ilivyo katika tungo zetu. Nayo inapotea haraka. Nyumba mpya za Musoma, kama za miji yetu yote, zina vioo vipana vya kusukuma ambavyo nusu yake haifunguki, hazina matundu juu ya milango, na mapazia yake ni mikunjo miwili ya kitambaa kisichopitisha pumzi. Inapopotea desturi, msamiati wake huifuata. Wenye maneno ya Kikwaya, Kijita, Kiruri na Kizanaki ya kutaja pepo za ziwa kwa saa na kwa mwelekeo, ninawaomba mtuletee. Yanastahili kuandikwa kabla wanaoyajua hawajatutoka.

Ama kwa wanaotunga, hebu tazameni pia bahati ya sauti. Kitenzi "paza", kuinua juu, kikipata mnyambuliko wa kutendea huwa "pazia". Nguo na sauti iliyopazwa hukutana katika silabi tatu, na mwenye kipaji hawezi kukosa la kufanya na mkutano huo. Mimi si malenga. Nilichoweza ni ubeti mmoja, nilioutunga nikiwa nimekaa nyuma ya kitenge cha mama mdogo:

Pazia si la urembo, mlangoni kutundikwa,
Lina kazi lina jambo, kwa hekima likishikwa,
Mchana huwa ni chambo, upepo ukaalikwa,
Usiku hukaza umbo, wana wetu wafunikwa.

Nilimsomea mama mdogo. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema mizani imekaa sawa ila nimesahau mkeka wa nje, na bila mkeka dirisha la magharibi haliendi. Ubeti wa pili, basi, nauacha kwenu.